Kadi ya bima anayo, sasa mbona anaomba hela ya dawa?

Juzi mama mmoja jirani yetu hapa Tanga kanisimamisha njiani, anatoka sokoni na kikapu chake, shikamoo yangu hata hajaiitikia vizuri akaniuliza: "Hivi baba, wewe si ulikaa Dubai? Kijana wangu kule ana bima ya kazini, kadi ametutumia picha tumeiona, sasa mbona kila akiumwa anatuma meseji tumchangie hela ya dawa? Ananidanganya, au yeye ndo kadanganywa?"

Nikamwambia mama, hajadanganya wala hajadanganywa. Uso wake haukuridhika kabisa, ikabidi tukae pale kwenye benchi la muuza chipsi nianze kumweleza, na kueleza kwenyewe kukala karibu saa nzima, maana hii kitu wanayoiita bima kule Uarabuni ni kama neno "ndugu" la kwetu, mtu akikwambia huyu ndugu yangu bado hujajua kama wamelala tumbo moja au wametoka tu kijiji kimoja. Bosi akikwambia "bima unayo" bado hajakwambia kitu.

Mimi kule nilikaa miaka sita, mitatu nimesimama mlangoni kama sekyuriti, mitatu ya mwisho nikawa ofisini kwenye kampuni ya kusambaza vibarua, kazi yangu kukimbiza makaratasi ya visa na kadi za watu, kwa hiyo haya mambo nimeyaona toka upande wa anayeumwa na toka upande wa anayelipa. Naandika ninayoyajua ya Emirates zaidi, Saudia kidogo.

Cha kwanza kabisa, ile bima ya matibabu imegandishwa kwenye visa. Mwajiri hakukatii kwa sababu anakupenda, anakukatia kwa sababu bila hiyo visa yako haitoki au hairenyuiwi, na visa ikikatwa ujue na bima nayo safari imeiva, labda siku chache tu za kumalizia mambo. Sasa Emirates ni nchi moja yenye emirate saba ndani yake, kama mikoa hivi, Dubai ikiwa mojawapo, na kwa muda mrefu kila moja ilikuwa na utaratibu wake. Abu Dhabi walianza mapema, sheria yao namba 23 ni ya 2005, na wao ndio wakarimu zaidi maana mwajiri anatakiwa amkatie mfanyakazi pamoja na mke na watoto mpaka watatu. Dubai sheria namba 11 ya 2013, ikaanza kutekelezwa 2014 kwa awamu, makampuni makubwa kwanza, wadogo wakaburutwa mpaka 2017, ila Dubai mwajiri anawajibika kwa mfanyakazi wake tu, mke na watoto ukiwaleta ni juu yako wewe uliyewadhamini. Na zile emirate zingine tano, Sharjah, Ajman, Umm Al Quwain, Ras Al Khaimah na Fujairah, sekta binafsi haikulazimishwa mpaka tarehe 1 Januari 2025. Miaka yote hiyo ya nyuma unakuta watu wawili wanalala kitanda cha juu na cha chini chumba kimoja huko Sharjah, mmoja ana kadi mwingine hana, kisa tu huyu visa yake imetoka Dubai na yule imetoka Ajman. Unapolala hakuna anayekuuliza, wanaangalia visa imetoka wapi.

Haya tuje kwenye swali la mama. Kijana wake visa ni ya Dubai, mshahara chini ya dirham 4,000, kwa hiyo kampuni imemkatia ule mpango wa msingi kabisa uliowekwa na mamlaka ya afya ya Dubai, DHA. Mpango wenyewe sio mbaya kama watu wanavyousema, kikomo chake ni dirham 150,000 kwa mwaka, ukipasuliwa ukalazwa utauona umuhimu wake. Ila kwa mambo madogo madogo ya kila siku lazima uchangie, kumwona daktari unatoa asilimia 20 ya bili, dawa unatoa asilimia 30. Dawa za dirham 120 mfukoni kwako zinatoka 36. Kwa mtu analipwa elfu kumi hizo ni hela ya kahawa, ila kijana anapokea 1,400 na alishatuma 900 nyumbani tarehe mbili, dirham 36 tarehe ishirini na tano ni mlima. Ndo hapo anaandika "mama niongezeeni kidogo". Ule mpango mpya wa zile emirate tano, wanaziita za kaskazini, nao hivyo hivyo, kampuni inalipa dirham 320 kwa mwaka kwa kichwa, mgonjwa asiyelazwa anachangia asilimia 25 lakini isizidi dirham 100 kwa safari moja, na ukirudi kwa ugonjwa ule ule ndani ya siku saba hulipi tena, dawa asilimia 30, ukilazwa asilimia 20 isiyozidi 500. Hiyo ya siku saba watu wengi hawaijui, wanalipa mara mbili, na mtu wa mapokezi hana haraka ya kuwaambia.

Halafu kuna netiweki. Hapa ndipo nimeona watu wakilia kabisa. Kadi haikubaliki kila hospitali, ina orodha yake, na ya bei rahisi ina orodha fupi, ule mpango wa kaskazini wakati unatangazwa ulikuwa na hospitali 7, kliniki 46 na famasi 45 kwa emirate zote zile. Mtu anaumwa tumbo, anaingia hospitali kubwa yenye vioo iliyo karibu na kazini, anatibiwa, anatoa kadi, anaambiwa hii hatuipokei, bili hii hapa. Na mpango wa msingi unataka uanze kwa daktari wa kawaida, yeye ndo akupeleke kwa bingwa, ukijipeleka mwenyewe kwa bingwa wa mifupa bima inakuangalia tu. Meno na miwani kwa kawaida havimo. Dharura ya kweli ndo inatambulika popote ndani ya Emirates, ajali, kuzimia, hapo hutakiwi kuanza kusoma orodha, wewe nenda.

Na jina kubwa lililoandikwa kwenye kadi mara nyingi sio hata kampuni ya bima. Utaona Nextcare, utaona NAS, hao ni wale wasimamizi wa kati wanaoshughulika na bili na ruhusa za matibabu, kampuni ya bima yenyewe imejificha kwa herufi ndogo. Ina maana gani kwako? Ukipiga simu kulalamika piga namba iliyo nyuma ya kadi, ukiuliza hospitali taja jina la msimamizi na jina la netiweki yote mawili, maana msimamizi mmoja ana netiweki nyingi, ya mabosi na ya vibarua, ukisema tu "nina NAS" watakwambia karibu halafu ukifika wanakwambia samahani. Siku hizi hata kadi yenyewe wengi hawapewi, bima inasomwa kwenye kitambulisho chako cha kule, Emirates ID, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miezi nane hajui yuko netiweki gani, anajua siku ameanguka.

Kitu kingine ni presha, sukari, pumu, magonjwa uliyotoka nayo nyumbani. Dubai ukiingia mara ya kwanza kwenye bima, ugonjwa wa zamani una kipindi cha kusubiri miezi sita kabla haujaanza kugharamiwa, isipokuwa ukigeuka dharura. Kwa hiyo mwenye sukari akisafiri bila dawa za kutosha kwa kuamini bima itamkuta uwanja wa ndege, atahangaika. Mpango wa kaskazini haukuweka hicho kipindi, hapo nawapa hongera. Na tafadhali msichanganye hii na medikali, kile kipimo cha damu na kifua unachofanyiwa kabla ya visa. Medikali ni wao wanajikinga na wewe. Nimeshakutana na mtu aliyetunza risiti ya medikali miaka miwili akijua ndo bima yake.

Sasa kuumia kazini, hili ni jambo lingine kabisa na watu wanalichanganya mpaka wanapoteza haki zao. Ukiugua malaria yako au homa, unaenda na ile kadi, na likizo ya ugonjwa kwa sheria ya kazi ya Emirates (namba 33 ya 2021) ni siku 90 kwa mwaka ukishamaliza majaribio, 15 mshahara kamili, 30 nusu, zinazobaki hakuna kitu. Lakini ukikatika kidole kiwandani sheria inabadilika, gharama yote ya matibabu ni ya mwajiri mpaka upone au ulemavu uthibitike, na mshahara unaendelea kamili mpaka miezi sita, kisha nusu miezi sita mingine. Unaona tofauti? Ndio maana karatasi ya kwanza ya hospitali ina thamani kuliko dhahabu. Kuna jamaa tulikuwa naye, foklifti imemkanyaga mguu godauni, supavaiza kampeleka hospitali njiani anamwambia "ukiulizwa sema umeteleza bafuni kempu unakolala, tusisumbuane na polisi, kampuni itakulipia kila kitu". Akasema kateleza bafuni. Basi likawa ni la bafuni mpaka leo, siku 15 kamili, 30 nusu, halafu tiketi. Mimi ndiye niliyempelekea hiyo tiketi.

Na ukifa kwa ajali ya kazi, fidia ya warithi ni mshahara wa msingi wa miezi 24, isipungue dirham 18,000 na isizidi 200,000. Hapo kwenye neno "msingi" ndipo kuna mtego. Mkataba unasema jumla 1,800, unafurahi, lakini ndani yake msingi ni 600, nyumba 500, chakula 300, na mengine mengine. Ukipiga 600 mara 24 unapata 14,400, haifiki hata kile kima cha chini, watapandisha mpaka 18,000 na yameisha. Kama msingi ungekuwa 1,200 ingekuwa 28,800. Kiinua mgongo nacho kinahesabiwa kwenye huo huo msingi. Kwa hiyo kabla hujasaini usiangalie jumla peke yake, angalia jinsi walivyoikata vipande.

Saudia wamelipanga kivingine, kuumia kazini kunashughulikiwa na mfuko wa serikali, GOSI, mwajiri anamlipia mgeni asilimia 2 kila mwezi na mgeni hakatwi. Matibabu ya kawaida ni bima ya lazima ya sekta binafsi, sheria yake ni ya 1999, na kikomo cha mwaka walikipandisha 2022 toka riyal laki tano mpaka milioni moja. Bima isipolipwa ikama, yaani kibali chako cha kuishi, haihuishwi, na ada ya bima sio ya kukatwa kwenye mshahara wako, ukikatwa umeibiwa. Dubai nako hivyo hivyo, anayelipa ni mwajiri, na akikaa bila kumkatia mtu faini ni dirham 500 kwa kila mtu kwa kila mwezi. Qatar nao wana sheria yao ya 2021 inayomtaka mwajiri amkatie mgeni wake, misingi inafanana.

Maiti. Samahani kwa kuligusa lakini nyumbani ndo kitu cha kwanza watu wanauliza, na kila mwaka tunachangishana kwenye magrupu ya WhatsApp. Sheria ya kazi ya Saudia kifungu cha 40 kinasema mwajiri ndiye anayegharamia kuandaa mwili na kuusafirisha mpaka alikotolewa mfanyakazi, isipokuwa familia ikubali azikwe kule kule au GOSI wachukue gharama. Emirates nako mzigo ni wa mwajiri. Kwa hiyo kabla ya kuanzisha mchango muulizeni kwanza mwajiri, kwa maandishi, na ubalozi ujue. Shida kubwa ni yule aliyekuwa na visa iliyokufa au aliyetoroka kwa kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, kwenye karatasi hana mwajiri, hapo kweli mtachangishana.

Kuna na bima ya kupoteza kazi, Emirates waliianzisha Januari 2023. Hii watu wanadhani bosi analipa, hapana, unalipa mwenyewe, dirham 5 kwa mwezi kama msingi wako hauzidi 16,000, na usipojiandikisha faini 400. Ukiachishwa, sio ukiacha mwenyewe wala ukifukuzwa kwa kosa la nidhamu, unapata asilimia 60 ya msingi mpaka miezi mitatu, ili mradi umeshachangia miezi 12 mfululizo na umedai ndani ya siku 30. Msingi tena! Mwenye 600 anapata 360. Inalipa kodi ya kitanda, tusiseme uongo.

Sasa nyumbani kwa watu, kina dada. Hapa nikifika huwa napandwa na hasira kidogo, mnisamehe. Sheria ya kazi ya kawaida haiwahusu wafanyakazi wa ndani, si Emirates wala Saudia, wana sheria zao za pembeni. Emirates ni namba 9 ya 2022, inamtaka mwajiri agharamie matibabu au akate bima kwa utaratibu uliopo, na kwenye ule mpango wa kaskazini wa 2025 nao wameingizwa. Saudia, ambako dada zetu wengi wa Kenya na Uganda ndiko walipo, bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi wa ndani ilianza Julai 2024 lakini kwa nyumba yenye wafanyakazi zaidi ya wanne. Nyumba ngapi zina kadama watano? Yule aliye peke yake kwa madam wake, matibabu yake yanategemea mkataba, na mkataba unategemea moyo wa madam.

Februari 2024 walileta pia bima ya mkataba kupitia Musaned, mfumo wao wa mtandaoni wa kuajiri wafanyakazi wa ndani, lazima kwa mikataba mipya kwa miaka miwili ya mwanzo. Watu walishangilia sana, dada zetu sasa wana bima. Ukiisoma vizuri utaona nusu yake inamlinda kafili, kwamba mfanyakazi akitoroka, akikataa kazi, akifa, tajiri arudishiwe hela aliyotumia kumleta. Upande wa dada kuna ulemavu wa kudumu wa ajali, na mishahara kama mwajiri amekufa au ameshindwa kulipa. Ni kitu, sikatai. Ila ejenti wa Mombasa akikwambia "mwanao kakatiwa bima", hiyo sio ya kwenda nayo hospitali akishikwa na jino.

Mama akaniuliza swali zuri sana hapo, eti mbona wale wazungu na Wahindi wakubwa wa migodini huku kwetu hawasumbuki hivi? Nikamwambia mama, hao nao ni wageni kazini kama mwanao, tofauti wao wanaitwa ekspati. Mkataba wa ekspati unakuja na bima ya kimataifa, mke na watoto ndani, na kifungu cha kusafirishwa kwa ndege, akizidiwa Geita leo jioni AMREF Flying Doctors wanatoka Wilson Nairobi kumfuata. Hiyo ni ya mkataba, imetokana na kujadiliana, maana anayemtaka anajua asipopewa haji. Ila kisheria, akiumia kazini hapa Bara, mfuko wa fidia ni ule ule wa WCF anaokatiwa fundi wa Singida, mwajiri ndiye anachanga. Kule Dubai hata meneja wa kizungu na mlinzi wa Tanga sheria ni moja, ila sheria imeweka sakafu tu, meneja yuko ghorofa ya ishirini na mlinzi kalala sakafuni. Unaweza kuwakuta kliniki moja, mmoja anaingia mlango huu mwingine anaambiwa subiri ruhusa.

Wenzetu wengine wanawawahi watu wao kabla hawajapanda ndege. Ufilipino toka 2010 sheria inamlazimisha ejenti amkatie bima kila anayempeleka, kwa hela ya ejenti, dola 15,000 akifa kwa ajali, 10,000 kwa kifo cha kawaida, 7,500 akipata ulemavu wa kudumu kabisa. India wana yao, rupia 275 kwa miaka miwili, akifa kwa ajali familia inapata rupia milioni moja. Kwa hiyo ukikaa mbele ya ejenti wako, baada ya kuuliza mshahara muulize na wewe upande wako umenikatia nini. Mwangalie macho wakati anajibu.

Na wale wa viziti ndo kabisa. Umeingia kwa visa ya matembezi, umepata kazi ya kusafisha, bosi anakwambia anza kwanza visa tutaibadilisha. Hizo wiki au miezi unayosubiri, kwenye karatasi huna mwajiri, bima ya kazini hakuna, ukidondoka ngazi mwajiri wako atasema hakujui. Anaogopa pia, maana toka 2024 faini ya kumfanyisha mtu kazi bila kibali inaanzia dirham laki moja.

Chipsi zilikuwa zimeshapoa. Mama akatoa simu, ile picha ya kadi anayo, tukaivuta tukaikuza. Mbele jina la kijana na jina la msimamizi kwa herufi kubwa. Nikamwambia mwambie apige picha na upande wa nyuma. Akamrekodia voisi pale pale, sauti ya juu, watu wote wa kijiweni wanasikia: "We Salehe, geuza kadi!"

Jibu limekuja usiku. Kwa nyuma imeandikwa netiweki yake, na ile kliniki anayoendaga kila siku haimo. Kliniki yake iko mtaa wa pili toka kempu, miezi kumi na moja alikuwa analipa bili nzima.